Somo la Usalama: Bomba la Mafuta Linapopita Shambani Kwako

Ni wakati wa kiangazi. Kati ya Maungu na Voi ardhi imekauka na mifugo inatafuta maji. Asubuhi moja mchungaji anaona kipande cha ardhi kimelowa, na hakuna mvua iliyonyesha. Wazo la kwanza linalomjia ni kwamba bomba la maji limepasuka. Anawaita wenzake, na kila mmoja anakuja na mtungi wake. Mmoja anakuja na pikipiki. Mwingine ana sigara mdomoni.

Katika kaunti yetu wazo hilo halishangazi. Bomba la maji linalotoka chemchemi za Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi, kwenda Mombasa lina urefu wa kilomita 220 hivi na limepita kwetu tangu miaka ya 1950. Lakini kuna bomba jingine chini ya ardhi hiyo hiyo, na ndani yake mna petroli, dizeli na mafuta ya ndege. Mtu anayelichukua bomba hilo kuwa la maji anaweza kupoteza maisha yake na ya jirani zake.

Somo hili ni kwa kila anayeishi, kulima, kuchunga, kujenga au kuchimba karibu na njia ya bomba la mafuta, kuanzia upande wa Mackinnon Road, kupitia Maungu na Voi, hadi Manyani na kuendelea. Lisome, kisha mweleze asiyejua kusoma.

1. Bomba hili ni lipi?

Bomba la kwanza la mafuta kutoka Mombasa hadi Nairobi, lenye urefu wa kilomita 450 hivi na upana wa inchi 14, lilianza kazi mwaka 1978. Lipo chini ya kampuni ya Kenya Pipeline, ambayo wengi tunaiita KPC. Mwaka 2018 bomba jipya la inchi 20 lilianza kazi ili kuchukua nafasi ya lile la zamani. Mafuta yanaingia nchini kwa meli katika bandari ya Mombasa, yanasukumwa kwa pampu zenye nguvu, na yanapanda polepole kuelekea bara. Vituo viwili vya pampu hizo viko katika kaunti yetu: Maungu na Manyani.

Kuna mambo matatu ya kukumbuka kuhusu bomba hili.

Kwanza, mafuta yamo ndani kwa mgandamizo mkubwa. Tundu dogo halitoi matone kama bomba la nyumbani. Linaweza kurusha mafuta juu kwa nguvu, au kuyasukuma chini ya udongo kwa siku nyingi bila mtu kuona.

Pili, bomba haliko chini sana. Mabomba ya aina hii kwa kawaida hufukiwa karibu mita moja kwenda chini. Lakini udongo wetu ni mwepesi. Mvua kubwa ikinyesha, maji hubeba udongo, mikondo hukatika, na mahali palipokuwa na mita moja panaweza kubaki na nusu yake. Kina cha mwaka jana si lazima kiwe kina cha mwaka huu.

Tatu, bomba la zamani si chuma chakavu. Hata pale ambapo bomba halisukumi tena mafuta, ndani yake panaweza kubaki mafuta au mvuke. Anayelikata kwa msumeno au kwa moto ili auze chuma anacheza na mauti.

2. Kwa nini petroli huwaka mbali na ilipomwagika?

Watu wengi huamini kwamba wakikaa hatua chache kutoka kwenye dimbwi la petroli wako salama. Si kweli, na sababu yake ni rahisi kuelewa.

Kinachowaka ni mvuke unaotoka kwenye petroli. Petroli hutoa mvuke huo hata usiku wa baridi, sembuse jua la mchana la Voi. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo haupandi juu kama moshi. Unatambaa chini, unajaa katika mitaro, makorongo, mashimo na mabonde, na kufuata upepo. Ukifika penye jiko la makaa, injini ya gari au kiberiti, unashika moto, na moto unarudi kwa kasi mpaka ulikotoka mvuke. Mtu aliyesimama katikati hana nafasi ya kukimbia.

Dizeli haiwaki kwa wepesi huo, lakini usiichukulie kuwa salama. Bomba moja husafirisha aina tofauti za mafuta kwa zamu. Wewe uliye shambani huwezi kujua sasa hivi ni zamu ya nini.

3. Mambo yaliyotokea

Tunayataja matukio haya kwa sababu kila moja linatufunza jambo lake.

Sinai, Nairobi, 2011. Asubuhi ya tarehe 12 Septemba 2011, petroli ilivuja kutoka kituo cha mafuta katika eneo la viwanda na kuingia kwenye mtaro wa maji ya mvua unaopita katika makazi ya Sinai. Watu walikuja na ndoo kuteka. Moto ulilipuka na zaidi ya watu 100 wakafa, wengine wakiwa ndani ya nyumba zao na hawakuwa wameteka hata tone. Funzo: mafuta hufuata mtaro, na moto hauchagui aliyeteka na asiyeteka.

Thange, Makueni, 2015. Hapa ni kwa jirani zetu, kwenye njia ya bomba hili hili. Mwezi Mei 2015 iligunduliwa kwamba mafuta yamevuja na kuingia katika mto Thange, eneo la Kibwezi. Hakukuwa na mlipuko. Lakini maji ya mto na visima yaliharibika, mashamba yaliyotegemea mto huo yakaathirika, na wakaazi wakalazimika kwenda mahakamani kutafuta haki yao kwa miaka mingi. Funzo: hasara ya mafuta inaweza kuja kimya kimya. Kadiri uvujaji unavyogunduliwa mapema, ndivyo maji na udongo vinavyookolewa.

Tlahuelilpan, Mexico, 2019. Mnamo Januari 2019 wezi walitoboa bomba la petroli. Petroli iliruka juu kama chemchemi, na mamia ya watu wakaja na mitungi, wengine na watoto wao. Kwa muda mrefu hakuna kilichotokea, na wakadhani hakuna hatari. Kisha moto ukawaka, na zaidi ya watu 130 wakafa. Funzo: kwamba moto haujawaka saa ya kwanza si dalili ya usalama. Mvuke unaendelea kukusanyika.

Funzo hilo linahusu barabara pia. Pale Sachangwan, karibu na Molo, tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lilianguka na watu wakaenda kuteka. Zaidi ya 100 walikufa. Barabara kuu ya Mombasa inakatiza kaunti yetu, na malori ya mafuta hupita usiku na mchana. Likianguka lori, kaa mbali na uwazuie wengine.

4. Dalili za uvujaji

Wewe unayepita hapo kila siku unaijua ardhi yako kuliko mtu yeyote aliye ofisini. Macho na pua yako vinaweza kugundua kile ambacho mitambo haijagundua. Angalia haya:

– Harufu ya petroli, dizeli au mafuta ya taa mahali pasipo na gari wala duka la mafuta.
– Ardhi iliyolowa bila mvua, hasa ikiwa na rangi nyeusi au mng'ao.
– Maji ya mto, silanga au kisima yenye utando wa rangi za upinde wa mvua juu yake, au yenye ladha na harufu ngeni.
– Nyasi na vichaka vilivyokauka katika kipande kimoja au mstari mmoja, huku vya pembeni vikiwa hai.
– Sauti ya mlio kama wa nyoka au hewa inayotoka, au mapovu yanayopanda kwenye maji yaliyotuama.
– Mifugo inayokataa maji iliyozoea kunywa, au samaki na vyura waliokufa.
– Bomba lililoachwa wazi baada ya mvua kubeba udongo, hata kama halivuji.

Pia kuna dalili za wizi: udongo uliochimbwa karibuni juu ya njia ya bomba, malori yanayosimama usiku mahali pasipo na shughuli, au kiwanja kilichozungushiwa mabati karibu na bomba bila kazi inayoeleweka. Usiende kuchunguza peke yako, wala usiwakabili watu hao. Toa taarifa tu.

5. Ukiona dalili, fanya hivi

Hatua ya kwanza: ondoka. Angalia vumbi au majani yanaelekea wapi, ujue upepo unakokwenda. Nenda upande unakotoka upepo, au ukate upande, na upande sehemu ya juu. Usishuke bondeni wala kwenye korongo. Usisimame pale harufu inapoisha; endelea mbele.

Hatua ya pili: usiwashe chochote. Zima sigara na jiko ukiwa bado mbali. Pikipiki iliyo karibu na mafuta iache pale pale, usiipige kiki. Ukiwa ndani ya nyumba na harufu imeingia, usiwashe wala usizime taa. Toka, na utoke na watoto, wazee na wagonjwa.

Hatua ya tatu: piga simu ukiwa mbali. Namba za dharura za taifa ni 999 na 112. Piga pia namba iliyoandikwa kwenye kibao cha alama ya bomba kilicho karibu nawe. Usisubiri siku ya hatari ndipo uitafute: nenda leo ukaisome na uihifadhi kwenye simu yako. Mjulishe pia chifu, naibu wa chifu au mzee wa kijiji, maana wao wanaweza kufikisha habari kwa haraka nyumba kwa nyumba.

Ukipiga simu, sema mambo manne: uko wapi (taja shule, kituo, mto au namba ya kigingi kilicho karibu), umeona nini, umeona lini, na kama kuna watu au nyumba karibu. Kisha acha namba yako.

Hatua ya nne: zuia wengine. Simama mbali kwenye njia na uwageuze watu. Mwambie kijana mwenye mtungi ukweli bila kuzunguka: mafuta ya mtungi mmoja hayamlipii maziko.

Hatua ya tano: usiguse maji. Usinywe, usinyweshe mifugo, usimwagilie. Kuchemsha hakuondoi mafuta kwenye maji, na kuweka maji yenye mafuta kwenye moto ni hatari nyingine. Subiri hadi maji yapimwe na wataalamu.

Mtu akirukiwa na mafuta, mwondoe eneo hilo, mvue nguo zilizolowa, na umwoshe kwa maji mengi na sabuni, mbali na moto. Aliyeyameza asilazimishwe kutapika; mpeleke hospitalini mara moja. Aliyeungua apozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Usimpake dawa ya meno, siagi wala udongo, na usibandue nguo iliyoganda kwenye ngozi. Hospitali ya rufaa ya kaunti ya Moi iko Voi mjini.

6. Mwenye shamba: nini chako, nini si chako

Mahali bomba linapopita pana ukanda maalumu uliopimwa kwa ajili ya bomba. Wakaazi wengi huuliza: je, ardhi hiyo bado ni yangu?

Mara nyingi ardhi ya ukanda hubaki kwa mwenyewe, lakini matumizi yake yana mipaka. Masharti na upana wa ukanda vimo katika makubaliano na ramani zinazohusu kipande chako. Usikisie, na usikubali kukisiwa. Yaombe kwa maandishi. Katiba, katika kifungu cha 35, inakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na kifungu cha 40 kinalinda mali yako na kutaka ulipwe fidia ya haki pale ardhi inapochukuliwa kwa manufaa ya umma. Masuala ya fidia ya ardhi ya aina hii hushughulikiwa na Tume ya Kitaifa ya Ardhi.

Kwa upande mwingine, kwa usalama wako, usifanye mambo haya juu ya ukanda: kujenga nyumba, choo, zizi la kudumu au kaburi, kuchimba kisima, silanga, shimo la taka au mchanga, kupanda miti yenye mizizi mirefu, kuchoma makaa, matofali au takataka, kupitisha mitambo mizito pasipo na kivuko kilichotengenezwa. Malisho na mazao ya muda mfupi yenye mizizi mifupi kwa kawaida hayana madhara, lakini uliza kwanza kabla ya kuleta trekta.

Tuchukue mfano. Mkulima anataka silanga kabla ya mvua za vuli. Amekodi tingatinga kwa siku moja, na kila saa ni pesa. Dereva anafika na kuuliza, "Mama, tuanze wapi?" Mama anaonyesha bonde la chini. Dereva anaona kigingi cha alama hatua chache kutoka hapo. "Na hiki?" Mama anajibu, "Hicho kipo tangu enzi za baba mkwe. Hakijawahi kutusumbua."

Dereva mwenye busara atazima injini hapo. Kigingi hakisemi kwamba bomba liko chini yake hasa. Kinasema bomba liko karibu. Bomba linaweza kupinda kati ya kigingi na kigingi. Njia salama ni kupiga simu, kusubiri mtaalamu aje na kifaa cha kupimia, aweke alama juu ya bomba lenyewe, na kukubaliana mahali pa kuchimba. Siku moja ya tingatinga inaweza kupotea. Lakini jino moja la tingatinga likikwaruza bomba, hata bila kulitoboa, kovu hilo linaweza kuliwa na kutu na kuvuja miaka baadaye, chini ya silanga ile ile ambayo mama alichimba ili anywe. Ukikwaruza, sema. Anayefukia na kunyamaza anafukia hatari yake mwenyewe.

Kabla ya kujenga popote, pata kibali cha mipango ya ardhi kutoka kaunti. Ofisi hiyo huangalia pia kama kiwanja kiko juu ya bomba, reli, barabara au nguvu za umeme. Na kabla ya kununua kiwanja cha bei rahisi karibu na njia ya bomba, jiulize kwa nini ni rahisi.

7. "Bomba ni lao, kwa nini nililinde?"

Swali hili huulizwa, na ni swali la haki. Mafuta hupita hapa kwenda kwingine, kama maji ya Mzima yanavyopita, na mkaazi hubaki na kigingi shambani. Wako pia wanaoishi kwenye ardhi isiyo na hati, nao huogopa kwamba wakitoa taarifa watahamishwa.

Jibu letu ni hili. Malalamiko kuhusu ardhi, fidia au ajira yana njia yake, na unayo haki ya kuyafuata. Lakini moto na sumu havingojei malalamiko yaishe. Bomba likivuja, wa kwanza kuumia ni aliye karibu, awe na hati au asiwe nayo. Kisima kinachoharibika ni chako. Kwa hiyo kutoa taarifa ni kuilinda nyumba yako kwanza.

Nao wenye bomba wana wajibu: kuweka alama zinazosomeka, kusafisha ukanda, kufika haraka wanapoitwa, kuwaeleza wakaazi mpango wa dharura, na kusafisha mazingira yakiharibika. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani haki hiyo ikivunjwa. Uchafuzi huripotiwa kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Mazingira, NEMA. Usalama wa shughuli za mafuta husimamiwa na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA. Kuzima moto na kukabiliana na majanga ni kazi ya serikali ya kaunti kwa mujibu wa Katiba, na unayo haki ya kutuuliza tumejiandaa vipi.

Kigingi kikianguka, au maandishi yakifutika kwa jua, ripoti kama unavyoripoti daraja lililobomoka. Usiba ufa utajengeshwa ukuta: na hapa ukuta wenyewe ni mto, kisima na maisha ya watu.

8. Maswali ya kujadili barazani

Chifu, walimu, viongozi wa chama na wa dini wanaweza kutumia maswali haya. Nusu saa inatosha.

1. Kigingi cha bomba kilicho karibu zaidi na kijiji chetu kiko wapi? Nani hapa ana namba yake kwenye simu?
2. Mafuta yakivuja katika korongo letu, yatapita kwa nani kabla ya kufika mtoni?
3. Watoto wakiwa shuleni na upepo unaelekea shule, watatolewa kwa njia ipi, na nani atawahesabu?
4. Nani ana mgonjwa au mzee asiyeweza kutembea? Nani atambeba?
5. Mwendesha bodaboda akiitwa kuwahi mafuta yanayomwagika, wenzake watamwambia nini?
6. Ni mtambo gani utakaochimba kijijini mwetu msimu huu, na nani amethibitisha kwamba hakuna bomba chini?

Andikeni majibu, na nakala moja ibaki kwa mzee wa kijiji. Mkikuta swali lisilo na jibu, hilo ndilo la kuleta kwenye ofisi ya wadi.

Turudi kwa yule mchungaji wa asubuhi. Ameona ardhi imelowa. Safari hii anasimama mbali, ananusa, anageuza mifugo yake kuelekea unakotoka upepo, na kupiga simu. Hajui bado kama ni maji au ni petroli, na hana haja ya kujua. Ikiwa ni maji, fundi atakuja kuziba na hakuna kilichoharibika. Ikiwa ni petroli, ameokoa kijiji kizima.